Kiti Kisichokalika

Nyumbani, 4 Mei

Mume wangu,

Ngoja kwanza niliandike tena: mume wangu. Mume wangu! Kalamu yenyewe inacheka. Jana pale dukani mteja aliniuliza, "Dada, hii fotokopi unatoa pande zote mbili?" nami nikamjibu, "Mume wangu amesafiri." Akanitazama, akasema, "Hongera sana, lakini mimi nataka pande zote mbili." Hadi sasa sina mbavu.

Umeondoka juzi tu na nyumba tayari imekuwa kubwa. Mto wako nimeuleta upande wangu, wangu nimeupeleka upande wako, ili nikigeuka huku nikukute na nikigeuka kule nikukute. Usimwambie mtu.

Najua simu tunazo. Lakini tulikubaliana kabla ya harusi: mambo ya haraka kwa simu, mambo ya moyo kwa barua. Kwenye simu wewe ni mtu wa "niko salama, na nyie je, haya." Ukishika karatasi unakuwa mwanamume mwingine kabisa, yule niliyempenda nikafa nikaoza. Kwa hiyo nimeshaongea na wakala wetu wa usafirishaji. Atakuwa anatuchukulia barua ndani ya bahasha yake ya nyaraka, kwenda na kurudi. Aliguna kidogo, akakubali.

Mama yako hajambo, anatembea kifua mbele. Siku ile lori lilipokuja kuchukua kasha haijamtoka. Na mimi haijanitoka! Mtaa mzima ulikuwa nje. Lile kasha ulilolitengeneza kwa mikono yako, mbao zimepitishwa kwenye joto na kugongwa muhuri ili wadudu wasisafiri bure, sponji kila kona, mishale myekundu ya kuonyesha juu ni wapi. Jirani wa duka la vipuri akauliza, "Mama, humo ndani kuna nini, jeneza?" Mama hakumgeukia hata. Akasema, "Humo ndani kuna jina langu."

Nilisisimka mwili mzima. Mimi nimeolewa kwenye nyumba ya watu, jamani! Miaka yote hiyo anachonga vinyago vya kuwekwa juu ya makabati ya wageni, na sasa sanamu yake kubwa kuliko zote inakwenda kusimama katika ukumbi wa maonyesho ng'ambo, katikati ya kazi za watu wenye majina marefu. Nikifunga macho naiona. Ukiwa mbali ni kiti kipana cha watu wawili, mikono yake imefunguka kama ya mtu anayekukaribisha kwake. Ukiisogelea unaona pale pa kukalia pameteremka kama paa, pamesuguliwa pakawa pa kuteleza kama sabuni, na hakuna kiumbe atakayekaa pale. Halafu akaiita "Karibu Ukae." Ukimuuliza kwa nini, anajibu, "Tazama."

Na vipande vyake vitatu vinashikana bila msumari hata mmoja, ndiyo maana imebidi uende mwenyewe kuviunganisha, wewe ambaye mtaa mzima unakuita Misumari. Hili nalo limenichekesha peke yangu.

Sasa siri. Ndani ya kasha, chini ya kifuniko, nilikuwekea zawadi kabla hujapigilia. Hukuniona. Utakapofungua, kitu cha kwanza utakachokiona ni mimi.

Maonyesho yanafunguliwa tarehe kumi na mbili Juni. Naomba siku zikimbie, kisha zikurudishe, kisha zisimame kabisa.

Mkeo (mkeo!),
Kidoti


Ng'ambo, 9 Mei

Kidoti wangu,

Nimefika. Chumba changu kiko juu ya duka la dobi, sakafu ina joto mchana kutwa na mashuka yananukia sabuni ya watu wengine. Dirisha linatazama ukuta. Nimeubandika ukutani ule uzi mwekundu uliofungia shada lako, ili angalau kuwe na cha kutazama.

Kasha limefika kabla yangu na liko kwenye ghala la forodha. Kuna kuchelewa kidogo. Meli ilipokuwa njiani, hawa watu wamebadilisha sheria ya ushuru. Samani za mbao kutoka nje sasa zinatozwa ushuru mkubwa, na wamesema hata mzigo uliokuwa tayari baharini unahusika. Kazi za sanaa hazitozwi kitu. Sisi ni sanaa, kwa hiyo hatuhusiki. Ni suala la kugongewa muhuri tu.

Afisa mwenye faili letu ni mwanamke. Ni mtu wa maswali mengi. Kesho ameniita tena.

Mwambie Mama asiwe na wasiwasi. Wewe usihame kutoka kwenye mto wangu.

Mumeo,
Misumari


Nyumbani, 13 Mei

Mume wangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaisoma mashine ya fotokopi ikiwa inamulika, nikajikuta nimetoa nakala yake. Nakala nimeibandika ndani ya mlango wa kabati. Ule uzi mwekundu umenitoa machozi, wee mwanamume!

Lakini mbona hujasema lolote kuhusu zawadi? Nimeitafuta mstari kwa mstari. Umesema sakafu, umesema dirisha, umesema sabuni ya dobi. Zawadi hukuisema. Au kasha hujalifungua? Kama hujalifungua basi nimekusamehe. Kama umelifungua na umeona na umenyamaza, basi mimi nanuna, na ujue nanuna nikiwa nimevaa shati lako.

Jambo la pili, huyo afisa. "Mwanamke, mtu wa maswali mengi." Maswali gani? Ana umri gani? Anakuita kila siku kwa sababu ya muhuri tu? Mimi si mtu wa wivu, wewe mwenyewe unajua, nauliza kama anavyouliza raia mwema.

Huku dukani kila anayeleta karatasi nampa habari za maonyesho. Mwalimu wa hesabu ameniambia nimeshamweleza tayari, tena kwa mpangilio uleule. Nikamwambia basi sikiliza kwa mara ya pili, kuna vitu ulivikosa.

Anayekungoja na kununa,
Kidoti


Ng'ambo, 18 Mei

Kidoti,

Usinune, shati litakunjana.

Afisa ni mama wa makamo, mwenye miwani mizito na pete iliyokwama kidoleni. Hacheki. Nimekujibu kama raia mwema.

Sasa nikueleze vizuri. Anasema ni kiti. Nikamwambia si kiti, ni sanamu. Tunaongea kupitia mkalimani. Akauliza, "Ina mikono?" Ina. "Ina mgongo?" Unao. "Miguu?" Minne. "Na inaitwaje?" Hapo, mke wangu, nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia. Mkalimani mwenyewe alishindwa kujizuia kabla hajatafsiri.

Nimemwonyesha ule mteremko. Akasema siku hizi kuna viti vya ajabu kuliko hicho na watu wanavinunua kwa mikopo. Ana sababu yake ya kushikilia hivyo.

Wenye ukumbi wamesema wao wako tayari kulipa ushuru, mradi tukubali kwenye nyaraka paandikwe "samani", kasha litoke, mambo yaishe. Nimempigia Mama. Nadhani ulimsikia kutoka jikoni.

Siku nzima niko kwenye benchi la pale forodhani. Mlango unafunguka, kichwa kinatokeza, "kaa hapo, subiri," mlango unafungwa. Tupo wengi. Mmoja ana sahani za udongo, mwingine ana mazulia, wote sheria imewakuta njiani. Wanatupiga danadana, lakini kwa adabu sana.

Zawadi nimeiona. Ni nzuri. Tutaongea nikirudi.

Mumeo,
Misumari


Nyumbani, 21 Mei

Mwanangu,

Mimi si mtu wa kuandika, kwa hiyo soma vizuri, sitarudia.

Wakala alikuja jana kuchukua bahasha, mkeo akiwa kazini, akanieleza yote. Kwamba hao watu walifungua kasha kabla hujafika, wakawakuta bi harusi na bwana harusi kwenye picha wamekalia kazi yangu, meno nje. Nilicheka mpaka nikaweka patasi chini. Kisha nikakasirika. Si kwa ajili ya picha. Kwa ajili yako.

Mkeo hajui. Wewe unamwandikia "ni nzuri, tutaongea." Neno hilo limekuwa msiba humu ndani. Anapika huku akiuliza sufuria, "Ni nzuri? Ni nzuri ndiyo nini?" Jana alitia chumvi kwenye chai yangu, nami nikanywa. Unadhani unamlinda. Yeye anadhani umemchoka baada ya mwezi, au umempata mwenye miwani. Mwambie. Huyu si yai. Ungemwona anavyopiga msasa siku hizi usingemficha kitu.

Kuhusu samani, jibu langu ni lilelile. Irudi nyumbani. Nitaipokea mlangoni palepale ilipotokea, mbele ya jirani yuleyule wa vipuri, na kama atacheka acheke. Lakini haitaingia nchi ya watu kwa jina la kiti. Viti vinatengenezwa na mafundi wazuri, nawaheshimu. Mimi si mmoja wao. Wakiandika samani leo, kesho kila atakayefungua hizo nyaraka atasoma samani, na mimi nitakuwa nimesaini.

Kula vizuri. Soksi nzima unazo?

Mama yako


Ng'ambo, 25 Mei

Mke wangu,

Mama ameniandikia. Nimeisoma nimesimama wima kama nimeitwa na mwalimu mkuu.

Ni hivi. Kasha walilifungua wao. Walipoinua kifuniko, kitu cha kwanza walichokiona ni wewe, kama ulivyokusudia. Picha yetu ya harusi, ile tuliyopiga karakanani. Afisa akaona watu wawili wazima wamekaa kwenye kiti na wanafurahi. Kwake hayo yalitosha. Samani, tena samani iliyokwisha kutumika.

Nimemweleza kwamba hatukukaa. Kwamba binamu yako mpiga picha alitaka tupige mbele ya kazi ya Mama, na Mama akasema atakayeigusa kwa makalio atamvunja kiuno, kwa hiyo tukachuchumaa hewani, gauni lako likafunika mteremko wote, na mapaja yakawaka moto. Afisa akaiinua picha, akaitazama, akasema, "Mtu aliyechuchumaa hawezi kutabasamu hivi."

Nilikuwa natabasamu kwa sababu ulikuwa ndiyo kwanza umekuwa mke wangu.

Sikukuambia kwa sababu uliiweka kwa mapenzi. Sikutaka uanze kuitazama ile picha ukaona kosa badala ya kuniona mimi. Nimekosea. Ningekuambia siku ya kwanza tungekuwa wawili kwenye hili benchi.

Wametupa hadi tarehe tano Juni. Baada ya hapo kasha linapandishwa meli ya kurudi. Wanataka ushahidi kwamba haijawahi kukalika. Picha ya simu hawapokei, lazima iwe iliyosafishwa, na aliyeipiga aweke saini na tarehe kwa nyuma. Ushahidi wa namna hiyo ulikuwepo mmoja tu duniani, na mimi mwenyewe nilikusihi uuchane, nawe ukaniapia umeuchana. Hata leo, pamoja na shida zote hizi, nashukuru kwamba haupo.

Mwandae Mama. Nadhani tunarudi na kasha.

Wako,
Misumari


Nyumbani, 29 Mei

Mume wangu wa pekee,

Sikuichana.

Usisimame. Kaa. Pumua. Iko ndani ya foronya ya mto wako, ilikuwa huko tangu siku ya tatu ya ndoa yetu, na kila usiku nalala nayo. Uliniomba niichane nikasema nimeichana, nikiwa nimeikalia. Sasa nimeitoa, nimeipeleka kwa binamu, ametia saini na tarehe kwa nyuma, ameweka na muhuri wa studio ingawa hakuna aliyemwomba, na imo humuhumu kwenye bahasha hii.

Nimeitazama sana kabla ya kuifunga. Mapaja yako yamekushinda, umegusa pale mahali kwa sekunde moja, ukateleza kama samaki, ukanivuta na mimi. Uko chali sakafuni, miguu juu. Kiatu kimoja hakipo. Soksi ina tundu na kidole gumba kimechungulia kama kinauliza kuna nini. Shela langu limekufunika uso. Mimi niko juu yako nimefungua mdomo hadi magego yanaonekana. Mama anakuja kutoka pembeni na nyundo ya mbao. Na nyuma yetu, mume wangu, nyuma yetu iko yenyewe, wazi, haijafunikwa na gauni, mteremko wake unang'aa, imesimama kama malkia aliyetushusha.

Ile ya kwanza ni picha ya harusi ya mtu yeyote. Hii ni yetu. Ndiyo maana nilishindwa kuichana.

Najua ulisema hutaki binadamu yeyote aione. Nisamehe. Ungekuwa umeniuliza nichague kati ya soksi yako na jina la Mama, ningechagua jina la Mama, na ningekupenda zaidi wewe kwa sababu najua nawe ungechagua hivyo. Basi nimechagua kwa niaba yetu. Tumeoana, tunagawana mzigo.

Kuhusu picha niliyoiweka kwenye kasha: nimelia jioni moja. Mama akaniambia inatosha, shika msasa. Tukawa tunasugua, na vumbi la mbao likanifuta machozi vizuri zaidi kuliko leso. Nikaona hapa hapa nimuulize, kwa nini aliichonga vile. Safari hii hakusema "tazama." Alisema, "Nilipokuwa msichana kama wewe nilizunguka na kazi zangu ofisi hadi ofisi. Kila mahali waliniambia kitu kimoja, kwa heshima kabisa: karibu ukae. Nikakaa. Jioni mfagiaji ananiamsha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunifukuza. Nilikaribishwa tu, mpaka nikachoka."

Kisha akapuliza vumbi, akasema, "Umeruka pembe hiyo."

Nikakukumbuka kwenye benchi lako. Nikampenda huyu mama, nikaisugua pembe ile mara tatu.

Pamoja na picha kuna barua niliyomwandikia afisa. Usiifungue. Mpe mkalimani aisome, si wewe, maana wewe utaruka mistari.

Mkeo asiyechana,
Kidoti


Nyumbani, 29 Mei

Kwa Mheshimiwa Afisa wa Forodha,

Shikamoo. Mimi ndiye bi harusi aliyeko kwenye faili lako.

Nimesikia umesema mtu aliyechuchumaa hawezi kutabasamu vile. Kwa watu wengine uko sahihi kabisa. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kuolewa, na kama wangenisimamisha kwa mguu mmoja juu ya pipa ningetabasamu vilevile. Tafadhali tazama picha ya pili. Imepigwa mara tu baada ya ile ya kwanza. Yule aliye chini ni mwenye mzigo anayekuja ofisini kwako kila siku. Usimruhusu atoke nje wakati barua hii inasomwa, namjua, atataka kwenda kunywa maji.

Alijaribu. Kwa bahati mbaya alijaribu. Hayo ndiyo matokeo. Nakuomba usituandike kama watu waliokalia samani. Tuandike kama watu walioanguka mbele ya kazi ya sanaa.

Uliuliza inaitwaje. Jina hilo si mzaha. Mama mkwe wangu, ambaye mimi namwita Mama, alikaribishwa kukaa kwenye benchi za maofisi ujana wake wote akiwa na kazi zake mapajani, na hakuna aliyezitazama. Ndipo akachonga kiti chenye mikono iliyofunguka, na hakuna awezaye kukikalia. Simwandikii mtu mbaya. Nadhani wewe una kazi nyingi na sheria zinakubadilikia mezani kama zinavyotubadilikia sisi baharini. Naomba tu utoke uitazame, mara moja, bila faili mkononi.

Ukishaitazama, andika unachokiona. Sisi tutakubali.

Kwa heshima,
Bi harusi


Ng'ambo, 3 Juni

Kidoti, Kidoti, Kidoti,

Sijui nianze na hasira au nianze na magoti.

Nilipofungua bahasha na kuona nini kimo, nilizunguka jengo la forodha nikitafuta ujasiri. Nikapiga moyo konde nikaingia. Afisa akachukua picha. Akaigeuza, akasoma saini ya binamu yako na muhuri usioombwa. Akaigeuza tena. Akavua miwani, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akauliza jambo, na mkalimani akanitazama kabla ya kutafsiri: "Anauliza, mwenye soksi ni nani?"

Nikasema, "Ni mimi."

Mwanamke yule alicheka, mke wangu. Alicheka mpaka ile pete ikawa inagonga meza. Mlango wa pembeni ukafunguka, safari hii si kwa kuniambia nisubiri. Waliingia wa chumba cha pili, wakaingia na wa chumba cha tatu, mmoja ana kikombe, wote wakapitishiwa picha. Mtu wa mazulia naye alichungulia kutoka kwenye benchi akaniambia, "Kaka, pole." Nilisimama pale nikiwa nimejikaza, na niseme ukweli, katikati ya aibu nilianza kujisikia mtu mkubwa. Huyo aliyelala juu yangu anacheka kwa magego ni mke wangu. Wao hawana.

Kisha mkalimani akasoma barua yako. Pale kwenye maji nilikuwa tayari nimeshashika kitasa. Alipofika kwa Mama, mwenye kikombe alikiweka mezani. Afisa akaomba sehemu ile isomwe tena. Alikuwa anatazama nje ya mlango, benchi lilipo.

Tukaenda ghalani. Hakubeba faili. Nilifungua kasha, nikaviunganisha vile vipande vitatu palepale kwenye sakafu ya saruji, vikaingiana kwa ile sauti yao ndogo. Alizunguka, akarudi mbele. Akachukua kalamu yake, akailaza pale pa kukalia. Ikateremka, ikaanguka. Akaiokota, akailaza tena, pole pole, kama mtu anayelaza mtoto. Ikaanguka tena. Akaisoma ile mikono iliyofunguka kwa muda mrefu.

Kwenye fomu amekata "samani iliyotumika" kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake ameandika "sanamu", na jina la Mama, lote, kwa herufi kubwa. Akagonga muhuri. Kasha limetoka bila ushuru.

Sasa hasira. Nilimwomba anirudishie picha. Akasema haiwezekani, ni ushahidi, sheria inataka ibaki kwenye faili daima. Nikauliza daima maana yake nini. Mkalimani akasema, daima. Soksi yangu ni mali ya serikali ya watu, Kidoti. Ina namba.

Nakupenda. Nimenunua soksi mpya.

Mumeo,
Misumari


Nyumbani, 15 Juni

Mume wangu, mume wangu, mume wangu,

Ulipopiga simu usiku ule wa ufunguzi na kuinua simu juu ili tusikie watu, mimi sikusikia kitu ila kelele kama za soko, lakini nililia kana kwamba wananiita jina. Mama alikuwa amekaa kitandani ameishika simu kwa mikono miwili. Ulipomsomea kibao kilichowekwa pembeni ya kazi, akasema, "Rudia." Ukarudia. Akauliza, "Wameandika sanamu?" Ukasema sanamu. Akasema, "Hm." Akanirudishia simu, akaenda kulala.

Nikadhani yameisha hapo. Asubuhi akavaa ile nguo aliyoivaa kwenye harusi yetu akasema anakwenda dukani kununua chumvi. Akarudi. Baada ya muda akasema chumvi ile haitoshi. Akaenda tena, safari hii kwa njia ndefu, ile inayopita kwa jirani wa vipuri. Mchana akaenda tena. Nikamfuata kwa mbali nione. Jirani akasimama akamwamkia, "Shikamoo Mama Mchongaji," na yeye akapunguza mwendo, akapunguza kabisa, mpaka nikadhani atasimama. "Marahaba," akasema, "nina haraka." Mume wangu, tuna chumvi ya kutosha mtaa mzima. Sijamwambia kitu. Nimeipanga rafuni kwa heshima.

Nimefurahi uliposema afisa alikuja kwenye ufunguzi siku ya mapumziko yake, amevaa viatu vya kawaida, amemleta na mume wake, na akawa anamzuia asiiguse. Nimefurahi pia uliposema mtu wa mazulia ameitwa ndani siku hiyohiyo. Mpe salamu zangu, mwambie alipokuambia pole alikosea neno, ilikuwa hongera.

Na wewe acha kulalamika. Harusi za wenzetu zimetundikwa sebuleni, zinapigwa vumbi. Yetu imewekwa faili, imepewa namba, imegongwa muhuri, inatunzwa na serikali. Nani mwingine anapendwa hivyo? Miaka mingi ijayo mtu atafungua hilo faili akitafuta habari za mbao, atakukuta wewe uko chali na mimi niko juu yako nacheka, na atajua kwamba tulikuwepo.

Umesema ndege yako ni Jumapili. Jana nimekutengenezea kitu. Nilimwomba Mama mabaki ya ule mti wa sanamu, nikapima, nikakata, nikapigilia misumari ya kwako mwenyewe, mingine imepinda. Mama alisimama nyuma yangu muda wote bila kusaidia. Nilipomaliza akakikalia, akajitikisa, akakisikiliza kinavyolia. Akasema, "Hiki ni samani." Kwa mara ya kwanza maishani nimesikia neno hilo likisemwa kama sifa.

Nimekiweka barazani, kinatazama mlango. Ni kipana kiasi cha watu wawili wasioogopa kubanana, na ni tambarare, nimekijaribu mwenyewe. Ukifika usisimame hapo mlangoni na begi lako kama mgeni.

Karibu ukae.

Mkeo,
Kidoti